Jumamosi kwa Kilo

Haikuanza na chupa. Ilianza na kisigino changu,
usiku, nikienda kuzima taa ya jikoni:
kitu kidogo, baridi, kama dengu ya shaba,
kikanikwama nyayoni. "Sigilai," nikaita,
"takataka zako zimeshahamia huku."

Alikuwa amestaafu karakana ya reli.
Leseni aliitia fremu, akaitundika
juu ya picha yetu ya harusi.
Kila Jumamosi alikwenda uwanja wa shabaha, kule ng'ambo ya Lanet,
akaua karatasi.
Miaka kumi na tisa, karatasi tu.
Akirudi, maganda yakimlilia mfukoni kama funguo za kanisa,
huketi bandani, akavuta mkono wa mashine,
pini ikasukuma, na fataki iliyokwisha kulia
ikatoka kitakoni mwa ganda:
ti,
ikadunda sarujini, ikatafuta pa kujificha.

Kuku walizidhania mtama.
Jogoo tuliyemchinja Krismasi ile
alikuwa na tatu kwenye firigisi,
zimesuguliwa zikang'aa kama herini.
Hatukumla. Tulikula kabeji, tukimtazama mwenye mashine.

Basi akaanza kubuni.
Kopo la mafuta ya kupikia, alilifunga waya chini ya mashine:
nusu ziliingia, nusu zikaruka kama panzi.
Soksi (yangu, ya kanisani)
ilidumu majuma mawili, ikatoboka kidole.
Halafu siku moja kaja na sumaku ya spika kuukuu,
kaishika kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba yai.
"Sumaku!" nikacheka hadi nikaegemea mlango.
"Fundi mzima wa reli, hujui
sumaku haitongozi shaba?"
Siku nne hakunisemesha.
Ya tano aliuliza chumvi.

Mimi ndiye niliyeuona ule mpira.
Ulikuwa kabatini, ndani ya karatasi yake ya hospitali,
mpira wa mkojo wa marehemu mama yake,
ule wa akiba ambao hakuuwahi.
Nikamletea bila neno.
Aliushika muda mrefu.
Kisha akauchomeka chini ya pini, akaukaza kwa uzi wa mkonge,
ncha ya pili akaitia kwenye chupa ya sharubati
niliyotoboa kifuniko kwa msumari wa moto.
Akavuta mkono.
Ti, halafu kimya,
halafu ikateleza, tiririii,
mpaka chini.
Akanitazama. "Nasambu," akasema,
na hakuongeza kitu, maana kwao sifa
hazitolewi, hukopeshwa.

Aprili, mvua ikiwa imeziba njia ya Free Area,
moyo wake ulisimama akifunga kiatu.
Polisi wawili walikuja na daftari,
wakachukua bastola, baruti, mashine,
hata leseni na fremu yake.
Ukutani pakabaki mraba mweupe juu ya harusi.
Chupa waliitikisa, wakaniachia:
"Hizi ni taka, mama."

Nikaibeba hadi Shabab, kwa Wafubwa wa vyuma.
Mizani ikasema kilo mbili na robo.
Akachota kiganjani, akanusa.
"Ni nini hizi?"
Nilitaka kusema fataki. Nikasikia mdomo wangu ukisema,
"Ni Jumamosi."
Alinikazia macho kidogo, akajibu kwamba yeye
hununua shaba.
Nikamwambia basi, nunua shaba.
Nikanawa mikono bombani pake kwa sabuni, mara mbili,
kama nilivyomgombeza marehemu miaka yote ile.

Mpira sikuuza.
Nimeuchomeka kwenye pipa la maji ya mvua, ubavuni,
unadondosha polepole kwenye kifuniko cha sufuria.
Kuku wanakunywa hapo.
Kuna kitetea mmoja, kila tone likianguka,
huinua kichwa, akasikiliza,
akainama tena.